Flaiwili nyepesi kwenye Impreza WRX ya kila siku: uchambuzi wa kisa

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2002, toleo la Uingereza, injini ya EJ205 ya sentimita za ujazo 1,994 yenye turbo, giaboksi ya mkono ya gia 5. Siku za kazi linakaa kwenye foleni ya Waiyaki Way, Nairobi, asubuhi na jioni. Mara chache kwa mwaka linaingizwa kwenye autokrosi, mashindano ya mbio kwenye njia fupi yenye kona nyingi. Klachi imeanza kuteleza. Muuzaji wa vipuri amempa mwenye gari orodha yenye pleti ya klachi, presha pleti (inayoibana pleti kwenye flaiwili), rilizi beringi (inayoiachia presha pleti ukikanyaga pedali), na mwisho kabisa flaiwili ya aluminiamu isiyofika nusu ya uzito wa ile ya kiwandani. Flaiwili ni gurudumu zito linalofungwa nyuma ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, na klachi hulishika ili kupeleka nguvu kwenye giaboksi. Hoja yake ni kwamba maadamu giaboksi itashushwa, ni hasara kutobadilisha na flaiwili kwa malipo yale yale ya fundi.

Kwa upande wa malipo hoja hiyo ni sahihi. Kwenye gari hili hakuna njia ya kuifikia flaiwili bila kutenganisha injini na giaboksi, na hakuna mtu anayetaka kurudia kazi hiyo baada ya miezi mitatu. Lakini flaiwili haichaguliwi kwa sababu boliti zimeshafunguliwa. Inachaguliwa kwa kuangalia mahali pagumu kuliko pote ambapo gari hilo litatakiwa kuondoka likiwa limesimama: kilimani, likiwa na abiria, AC ikiwaka, injini ikiwa bado haijapata nguvu ya turbo. Mahali hapo pakishajulikana, uzito unaofaa hujulikana pia, na katika kisa hiki haukuwa ule wa kwenye orodha.

Kwanza klachi yenyewe

Kabla ya kununua chochote, lilithibitishwa tatizo. Gari likiwa gia ya 4, kilomita 60 kwa saa, mafuta yalikanyagwa hadi chini. Mshale wa mizunguko uliruka juu huku spidi ikibaki nyuma. Huko ni kuteleza kwa klachi, wala si upungufu wa nguvu ya injini.

Kuteleza kuna sababu kuu mbili: pleti iliyokwisha, au mafuta yaliyoifikia. Kwenye injini za familia hii ya EJ mafuta yanaweza kutoka sehemu tatu nyuma ya injini, na zote tatu huchuruzika mahali pamoja, chini ya kiungio cha injini na giaboksi: sili ya nyuma ya krenki, oringi ya kifuniko cha tundu la pini ya pistoni, na kile kifuniko bapa cha kutenganisha mvuke wa mafuta. Mafundi wengi huilaumu sili moja kwa moja. Hapa sili ilikuwa kavu, na mvujo ulitoka kwenye kifuniko bapa, ambacho kwenye injini nyingi za rika hili kilitoka kiwandani kikiwa cha plastiki na hupinda kwa joto. Kilibadilishwa kwa cha chuma na kufungwa kwa silikoni ya injini. Sili iliachwa ilivyo. Sili kavu ya EJ ikichokolewa na ikaingizwa upande upande, utakuwa umeanzisha mvujo ambao haukuwapo.

Machaguo yaliyokuwa mezani

Flaiwili ya zamani iliwekwa kwenye mizani ikasoma karibu kilo 10 pamoja na ringi gia yake, ile ringi ya meno inayozungushwa na starta. Kulikuwa na njia nne: kuikereza uso ile ile na kuirudisha, kununua ya kromoli (chuma chenye kromiamu na molibdeni) ya kipande kimoja yenye kilo 6 hivi, kununua ya aluminiamu yenye kilo 4.5 hivi, au kuipeleka ile ya zamani kwa fundi wa mashine ya lezi aipunguze mgongoni na kuitoboa matundu. Hiyo ya nne ndiyo ya bei ndogo kati ya zinazopunguza uzito, na ndiyo hatari kuliko zote. Itajadiliwa peke yake hapo chini.

Kinachobadilika unapopunguza uzito ni inesha, yaani ukaidi wa kitu kinachozunguka dhidi ya kuongezwa au kupunguzwa mwendo. Inesha hutegemea uzito mara nusu kipenyo kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kilo moja iliyotolewa ukingoni ina maana kubwa kuliko kilo moja iliyotolewa karibu na kitovu. Ndiyo sababu kulinganisha flaiwili mbili kwa kilo tupu kunapotosha. Kuna flaiwili nyepesi zinazopungua zaidi katikati, na dereva haoni tofauti yoyote.

Tukichukulia kwamba zile kilo 4 za kromoli zimetoka kwa wastani wa mita 0.11 kutoka katikati, inesha inapungua kwa 4 × 0.11 × 0.11, yaani takriban 0.048 kg·m². Ya aluminiamu inapunguza takriban 0.067. Ili kujua hilo lina maana gani barabarani, unalizidisha kwa uwiano mzima wa gia (wa gia yenyewe mara wa difu, gia ya mwisho kabla ya magurudumu) kwa kipeo cha pili na kuligawa kwa nusu kipenyo cha tairi kwa kipeo cha pili. Jibu huja kwa kilo, kana kwamba umepunguza mzigo ndani ya gari. Giaboksi ya toleo hili ina 3.454 kwa gia ya 1, 1.947 kwa ya 2, 1.366 kwa ya 3, 0.972 kwa ya 4 na 0.738 kwa ya 5, na difu ni 3.900. Tairi likiwa limebeba mzigo lina nusu kipenyo cha mita 0.31 hivi.

Kwa kromoli, gia ya 1 inakupa sawa na kupunguza kilo 91. Gia ya 2, kilo 29. Gia ya 3, kilo 14. Gia ya 4, kilo 7. Gia ya 5, kilo 4. Kwa aluminiamu gia ya 1 inafika kilo 126, ya 2 kilo 40, ya 3 kilo 20.

Gari pamoja na dereva lina karibu kilo 1,475. Maana yake ni kwamba kwenye gia ya 1 faida ya kromoli ni asilimia 6, kwenye gia ya 2 ni asilimia 2, kwenye gia ya 3 ni asilimia 1, na baada ya hapo haifai hata kutajwa. Atakayesafiri Nairobi hadi Mombasa kwa gia ya 5 hatapata kitu. Wala nguvu ya injini haikuongezeka hata kidogo. Nguvu ile ile inazungusha chuma kidogo zaidi wakati mwendo unapanda. Baadhi ya mashine za kupimia nguvu zinazofanya kazi kwa kuzungusha pipa zito huonyesha ongezeko dogo, lakini ongezeko hilo hutokea tu wakati mizunguko inabadilika. Kwenye mwendo usiobadilika halipo.

Faida halisi ambayo dereva wa autokrosi anaipenda ni nyingine: injini inapanda haraka ukigusa mafuta ili kushuka gia, na inashuka haraka ukiachia ili kupanda gia. Kona fupi za gia ya 2 ndipo mahali pake. Faida hiyo ni ya kweli, na mwenye gari hakukosea kuitamani.

Gharama ya kuondoka

Sasa upande wa pili, ambao matangazo ya vipuri hayaugusi. Gari linapoondoka, kwa sekunde moja ya mwanzo injini haifanyi kazi peke yake. Nishati iliyohifadhiwa kwenye krenki, flaiwili na presha pleti inaingia kusaidia, na mizunguko inashuka kidogo huku klachi ikishika. Kwenye gari hili inesha ya vitu hivyo vyote kwa pamoja inakadiriwa kuwa 0.17 kg·m² na flaiwili ya zamani, na 0.12 hivi na ya kromoli. (Angalia kwamba kupunguza asilimia 40 ya uzito wa flaiwili hakukupunguza asilimia 40 ya inesha nzima. Imepungua kati ya robo na theluthi.)

Chukua kuondoka kwa kawaida: dereva anainua injini hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, anaachia klachi, mizunguko inashuka hadi 900, chini ya hapo injini inaanza kutetemeka. Kati ya 1,500 na 900 flaiwili ya zamani inatoa takriban joule 1,340. Ya kromoli inatoa 960. Kulisukuma gari hili hadi mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, kunahitaji joule 1,400 hivi. Kwa hiyo pengo la joule karibu 400 si la kudharau. Ukitaka msaada ule ule kutoka kwa kromoli lazima uinue injini hadi karibu 1,700. Kwa aluminiamu ni karibu 1,800.

Mizunguko 200 zaidi inaonekana si kitu. Lakini joto linalozalishwa klachi inapoteleza hufuata kipeo cha pili cha mizunguko, na kutoka 1,500 hadi 1,700 ni ongezeko la robo nzima. Juu ya hapo, flaiwili inayopokea joto hilo ni nyepesi zaidi. Kuondoka kimoja kwenye barabara tambarare kwa mizunguko 1,500 kunaacha takriban kilojoule 9.6 kwenye klachi, na karibu nusu yake inaingia kwenye flaiwili. Chuma cha kilo 10 kinapanda joto kwa nyuzi 1 hivi. Kwa 1,700 na chuma cha kilo 6, kinapanda kwa nyuzi 2. Mara mbili. Kuondoka 30 kwenye foleni moja, bila muda wa kupoa, ni tofauti ya nyuzi 30 na nyuzi zaidi ya 60, na hayo ni makadirio ya wastani wa chuma chote. Ngozi ya juu inayosuguana na pleti inapata moto zaidi ya hapo. Mlimani, zidisha.

Aluminiamu inahitaji maelezo yake. Kwa hesabu tupu, aluminiamu hubeba joto karibu mara mbili ya chuma kwa kila kilo, kwa hiyo flaiwili ya kilo 4.5 inaweza kumeza joto jingi kuliko ya kromoli ya kilo 6. Tatizo ni kwamba pleti ya klachi haisugui aluminiamu, kwa kuwa ingeitafuna mara moja. Inasugua bamba jembamba la chuma lililofungwa kwa skrubu au ribiti juu ya aluminiamu. Bamba hilo hupata moto kwanza, na joto linapita kwenda kwenye aluminiamu kupitia kiungo, tena metali hizo mbili hazitanuki sawa: aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Gari la mashindano linaloondoka mara moja kisha likakimbia halina shida na hilo. Gari la foleni hulipindisha bamba, na dalili yake ni mtetemo wakati wa kuachia klachi ambao hauishi hata ukibadilisha pleti.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Watu husema gari la turbo halijali kimo, na ni kweli kwa kiasi fulani baada ya turbo kuamka. Lakini wakati wa kuondoka turbo haijaamka. Kwa mizunguko 1,500 EJ205 ya toleo hili ni injini ya lita mbili yenye mgandamizo wa 8.0 kwa 1, inayovuta hewa nyembamba, na nguvu yake ya kuzungusha hapo ni ndogo kuliko ya gari la kawaida lisilo na turbo. Flaiwili ile ile inayovumilika kwenye barabara tambarare za pwani huzima injini kwenye mwinuko wa kutokea maegesho ya chini ya jengo huko Nairobi. Ushauri wa Waingereza au Wajapani kuhusu flaiwili hii, hata ukiwa mzuri, umetolewa na watu wanaoendesha karibu na usawa wa bahari.

Kuhusu kuikereza na kuitoboa ya zamani

Flaiwili ya kiwandani ya gari hili, kama zilivyo nyingi, ni chuma cha kusubu. Kukereza uso wake kwa sehemu ya milimita ili kuondoa madoa ya moto ni kazi halali, mradi unene unaobaki uko ndani ya kipimo cha mtengenezaji na uso unabaki sambamba na mgongo. Kuipunguza kilo nne ni jambo jingine kabisa.

Kwa mizunguko 7,000, ukingo wa flaiwili yenye nusu kipenyo cha milimita 138 unakwenda mita 101 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 360 kwa saa. Mvutano unaotokana na mwendo huo karibu na tundu la katikati ni takriban megapaskali 60. Chuma cha kusubu cha kawaida huvunjika kwenye megapaskali 200 hadi 250, kwa hiyo flaiwili nzima ina akiba ya kutosha. Toboa tundu moja na mvutano pembeni ya tundu hilo unapanda mara mbili hadi tatu. Ongeza nyufa ndogo za joto ambazo kila flaiwili iliyotumika inazo, na akiba imekwisha. Ikipasuka, vipande vinapita kwenye ganda la aluminiamu la giaboksi, na nyuma yake ni miguu ya dereva na abiria wa mbele. Baadhi ya waandaaji wa mbio fupi za mstari ulionyooka hudai flaiwili zenye cheti cha SFI 1.1, kiwango cha usalama cha Marekani, kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna bei inayoweza kulihalalisha hili, na fundi wa lezi anayekubali kulifanya bila kuuliza chuma ni cha aina gani hafai kuguswa.

Uamuzi

Ilichaguliwa ya kromoli, iliyofuliwa kipande kimoja, kilo 6, pamoja na pleti ya milimita 230 ya kawaida isiyo ya serami, yenye springi kitovuni, na presha pleti ya nguvu ya kiwandani. Aluminiamu iliachwa kwa sababu ya foleni. Pleti ya serami ya vidonge iliachwa kwa sababu hiyo hiyo: hushika ghafla, na kushika ghafla pamoja na flaiwili isiyo na akiba ni njia ya uhakika ya kuzima injini mbele ya matatu inayopiga honi. Vitu hivi viwili havipaswi kuchaguliwa kimoja kimoja.

Tuseme wazi: kama gari hili lisingeingia autokrosi kabisa, jibu sahihi lingekuwa kukereza uso wa ile ya zamani na kuirudisha.

Kufunga, na mahali kazi ilipokwama

Presha pleti ya gari hili ni ya kuvutwa, si ya kusukumwa. Rilizi beringi imeng'ang'ania vidole vya presha pleti (ncha za springi yake), kwa hiyo giaboksi haitoki hata ukifungua boliti zote. Anayelazimisha kwa mtaimbo hupasua ganda. Kuna kizibo ubavuni mwa ganda kinachofunguliwa kwa alenkii ya milimita 10. Ndani yake kuna shafti ya foku (mkono unaoivuta rilizi beringi) yenye uzi, unaingiza boliti ya milimita 6 na kuivuta shafti nje, kisha foku inaachia. Intakula (kipozea hewa ya turbo) ya juu ya injini na starta hutoka kwanza ili mkono upate nafasi.

Flaiwili mpya ilikuja bila paileti beringi, beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Kwenye Subaru beringi hii haikai kwenye krenki kama kwenye magari mengi, inakaa kwenye flaiwili. Fundi alitaka kuihamisha ile ya zamani, lakini beringi iliyotolewa kwa nyundo imeshaumia hata kama inazunguka vizuri mkononi. Kazi ilisimama hadi ilipopatikana mpya, ikaingizwa kwa presi, ikisukumwa kwenye ukingo wa nje pekee.

Kabla ya kufunga, vitu hivi vilikaguliwa mezani, na kila kimoja kina sababu. Vishikizo vitatu vya kuielekeza presha pleti viliingia bila kulazimishwa. Meno ya ringi gia yalihesabiwa na kulinganishwa na ya zamani, maana starta haisamehi. Pleti iliwekwa juu ya flaiwili boliti zikiwa mahali pake, na kipande cha plastisini katikati, ili kuona kama vichwa vya boliti vinagusa kitovu cha pleti. Flaiwili za soko la nje mara nyingi ni nyembamba katikati au huja na boliti zenye vichwa virefu, na mguso wa hapo hugeuka kelele ambayo hutaijua hadi ushushe tena. Uso ulisafishwa kwa dawa ya kusafishia breki hadi kitambaa kikatoka cheupe, kwa sababu flaiwili mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yakibaki pleti mpya inaharibika siku ya kwanza.

Boliti 8 za flaiwili zilikazwa kwa kuruka msalaba, kwa hatua, hadi Nm 72. Boliti 6 za presha pleti ni Nm 15.7 tu, na hapa mafundi wengi huzidisha kwa mazoea. Zikazwe zamu kwa zamu, mzunguko mmoja mmoja, la sivyo presha pleti inapinda na klachi haiachii vizuri. Pleti ielekee upande ulioandikwa, ikishikiliwa na pini ya kulenga. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka na kufuta, si tone. Bomba ambalo rilizi beringi huteleza juu yake lilikuwa limekwaruzika, likavikwa kivikio cha chuma kinachouzwa kwa ajili hiyo. Boliti za kuunganisha injini na giaboksi zilifikishwa Nm 50. Mwishoni foku ilivutwa hadi beringi ikasikika ikijibana kwenye vidole. Bila mlio huo pedali itashuka tupu.

Wiki mbili baadaye

Malalamiko yalikuwa matatu, na inafaa kuyatenganisha kwa sababu yalikuwa na sababu tatu tofauti.

La kwanza, mngurumo wa kokoto kwenye sailensa (injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta) gia ikiwa nyutro. Ulipotea pedali ilipokanyagwa. Huo ni mgongano wa meno ya giaboksi. Injini ya silinda 4 hupigwa mara mbili kwa kila mzunguko, mara 25 kwa sekunde kwenye sailensa ya 750. Inesha ikipungua, kila pigo linaitikisa krenki zaidi na mtikiso unaingia kwenye gia zisizo na mzigo. Haudhuru kitu. Kama kelele ingetokea pedali inapokanyagwa, mshukiwa angekuwa rilizi beringi, na hapo kungekuwa na kazi ya kufanya. Mafuta ya giaboksi yenye unato sahihi yaliupunguza, hayakuumaliza.

La pili, injini kuzimika gari likikaribia kusimama, hasa AC ikiwa imewashwa. Kila mtu aliilaumu flaiwili, na ilikuwa na sehemu yake: mizunguko ilishuka haraka kuliko kompyuta ya injini ilivyozoea, na valvu ya sailensa haikuwahi kuidaka. Lakini kiini kilikuwa kwingine. Gari lilikuwa na valvu ya turbo inayopuliza nje hewani, ile ya mlio wa kupiga mluzi. EJ205 hupima hewa kwenye kifaa kilicho karibu na kichujio. Hewa iliyokwisha kupimwa ikipulizwa nje, kompyuta bado inaitilia petroli, na kwa muda mfupi mchanganyiko unakuwa mzito kupita kiasi, wakati ule ule mafuta yanapoachiwa. Flaiwili nzito ilikuwa inalipitisha gari juu ya kasoro hiyo bila mtu kujua. Nyepesi iliifichua. Valvu ilirudishwa ya kiwandani inayorudisha hewa kwenye njia ya kuingia, valvu ya sailensa na throtoli vikasafishwa, mabomba ya vakyumu yakakaguliwa, sailensa ikapandishwa hadi 850. Kuzimika kukaisha.

La tatu, taa ya injini yenye msimbo wa P0303, silinda ya 3 kukosa moto, ingawa gari halikuyumba. Kompyuta haioni moto. Inaona krenki ikipungua mwendo kati ya pigo na pigo, na kiwango chake cha kushtuka kiliwekwa kwa flaiwili ya kilo 10. Lakini si halali kuisingizia flaiwili kabla ya kujaribu. Koili ya silinda ya 3 ilihamishiwa ya 1. Kama msimbo ungefuata koili na kuwa P0301, koili ndiyo mbovu. Haukufuata, ulibaki kwenye 3. Plagi zilifunguliwa, na ile ya 3 ilikuwa na mwanya mpana kuliko wenzake. Zote nne zilibadilishwa, taa ikafutwa, haikurudi. Kama ingerudi kwa silinda tofauti tofauti, kwa mzigo mdogo pekee, bila mtetemo, basi kazi ingekuwa ya mtaalamu wa kurekebisha kompyuta kuinua kiwango hicho.

Pleti ilizoezwa kwa kilomita 800 za kuendesha mjini bila kukanyaga mafuta hadi chini. Dereva naye alizoea kuinua injini hadi 1,700 kabla ya kuachia, na kubadilisha gia upesi zaidi, kwa kuwa ukichelewa mizunguko inashuka chini ya mwendo wa magurudumu na gari linashtuka.

Kwa anayetaka kulifanya hili kwenye gari jingine

Baadhi ya matoleo ya Japani ya WRX yana difu fupi, 4.444, kwa hiyo faida ya gia za chini ni kubwa zaidi na kuondoka ni kwepesi zaidi. Hapo flaiwili ya kilo 6 inavumilika zaidi. Forester yenye abiria watano na mizigo ni kinyume chake.

Kwenye baadhi ya injini za Renault na Ford kompyuta husoma mwendo wa krenki kutoka kwenye meno ya flaiwili yenyewe. Flaiwili isiyo na meno hayo, au yenye meno yaliyokaa pembe tofauti, inamaanisha gari haliwaki kabisa. Kwa EJ20 kipima mwendo kiko mbele, kwenye gia ya krenki, kwa hiyo tatizo hilo halipo.

Na magari ya dizeli yenye flaiwili ya vipande viwili, ambayo mafundi wengi sasa huibadilisha kwa ya kipande kimoja ili kuokoa fedha, yasichanganywe na kisa hiki. Ile ya vipande viwili ipo kwa ajili ya kumeza mtikiso wa dizeli kabla haujaifikia giaboksi. Ukiiondoa, springi za pleti ndizo zitakazobeba kazi hiyo yote, kwa hiyo lazima pleti iwe ya seti iliyotengenezwa kwa mabadiliko hayo. Ukifunga pleti isiyo na springi, ile iliyotoka pamoja na flaiwili ya vipande viwili, meno ya giaboksi ndiyo yatakayopokea kila pigo.